Jiwe Kubwa kwenye Mashine Ndogo

2 Machi
Mvua imeanza leo, saa nne asubuhi, bila hodi. Tulikuwa tumetandaza mabomba ya mraba uani kwa ajili ya madirisha ya shule, ikabidi tukimbie nayo ndani kama watu wanaookoa watoto. Karakana yetu imeezekwa, ndiyo, lakini bati lenyewe lina matundu mengi kuliko chujio la chai. Mdogo wangu akaweka ndoo tatu chini ya matundu makubwa, akasema, "Dada, zile mashine mpya alizoahidi tajiri ndizo hizi." Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Daftari hili ni la vipimo. Nimeligeuza na kuanza kuandika upande wa nyuma, kwa kuwa mvua ikinyesha umeme unakatika, na mtu wa grinda bila umeme ni sawa na mpishi bila moto. Nina miaka arobaini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo nimekuwa nakata na kusaga vyuma. Hapa wananiita Cheche, hata tajiri, mwenye karakana, ananiita Cheche, na nadhani nusu yao hawajui jina langu.

3 Machi
Mvua. Umeme umerudi saa nane mchana. Madirisha manne.

5 Machi
Mtunza stoo wetu tunamwita Mzee Kanuni, na hakuna aliyewahi kubatizwa jina likamkaa vizuri hivyo. "Cheche, miwani. Cheche, hiyo mikono ya shati ifunge, mashine haitofautishi shati na nyama. Cheche, subiri izime kabisa ndipo uiweke chini." Leo amebandika karatasi ukutani, ameandika kwa kalamu nyekundu: jiwe la grinda lililoanguka halitumiki tena, kava inayokinga jiwe haitolewi, simama pembeni ya jiwe, usisimame mbele yake.

Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, mimi nimeanza kusaga chuma wewe bado unauza nyanya." Karakana nzima ikaangua kicheko. Ni kweli, aliuza nyanya kabla ya kuja hapa. Yeye hakucheka. Alichukua gundi yake akarudi stoo.

8 Machi
Jumapili. Nimekwenda kwa mdogo wangu. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na saba, kwa hiyo ukiniuliza kama nina mtoto nitakujibu ninaye, ana miaka thelathini na mitano na ana mke mwenye kiburi.

Wifi yangu alinikaribisha chai kwa mdomo, si kwa macho. Anataka mume wake aache karakana. "Kila jioni namtoa vumbi la chuma jichoni kwa ncha ya kitambaa," alisema.

"Kazi hiyohiyo ndiyo inayokulisha, wifi."

"Najua inanilisha, wifi. Ninachouliza mimi, yenyewe inakula nini?"

Mdogo wangu akajifanya anamfunga binti yake viatu. Mtoto alikuwa hana viatu.

12 Machi
Mvua. Daraja limezama. Lori la mzigo wetu limekwama ng'ambo.

16 Machi
Mawe madogo ya kukatia yamebaki matano. Kanuni anayagawa kama mganga anayegawa dawa.

19 Machi
Tajiri amekuja, suruali imelowa mpaka magotini. Si mtu mbaya. Nilipoumwa mwaka juzi alikuja kuniona mwenyewe, hakutuma mtu. Akanishika bega: "Cheche, shule inafunguliwa mwezi ujao, madirisha lazima yawe ukutani. Wewe ndiye mama wa karakana hii. Usiniangushe." Nikamwambia sijawahi kumwangusha. Ni kweli, sijawahi.

20 Machi
Mvua.

21 Machi
Mvua. Jiwe dogo la mwisho limekwisha saa tisa.

23 Machi
Leo nimefanya ujanja wangu wa zamani. Mashine kubwa ni nzito, haiingii kwenye kona za fremu. Kwa hiyo unachukua jiwe la mashine kubwa lililokwisha kulika, unalifunga kwenye mashine ndogo. Tundu la katikati ni lilelile. Linakuwa bado pana kidogo, linagusa kava, basi unatoa kava. Kanuni angeona angezirai. Mashine ndogo inazunguka karibu mara mbili ya kubwa, na jiwe lile halikutengenezwa kwa mwendo huo. Imeandikwa palepale kwenye lebo yake. Lakini nimeshafanya hivi mara mia, enzi za mvua nyingine na tajiri mwingine. Kava nimeitia kwenye mfuko wa aproni.

Madirisha sita. Tajiri amepita, ameyahesabu, ametabasamu.

27 Machi
Naandika ya tarehe 24. Siku tatu kalamu imenikataa.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mvua ilikuwa imepungua, umeme upo, kila mtu anakimbiza kazi. Nilikuwa nimekata fremu ya pili tajiri aliponiita kutoka getini tukapime mlango. Nikazima mashine, nikangoja isimame, nikaiweka juu ya meza. Sikuchomoa waya. Sikutoa lile jiwe. Mdogo wangu alikuwa amesimama na fremu yake mkononi, anasubiri zamu. Nilimpita. Akanipisha, akasema, "Pole na kazi, dada." Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia akiwa na macho mawili.

Nilikuwa nimeshika utepe wa kupimia. Nikasikia mashine inawaka, sauti nyembamba, ya juu, na mtu wa grinda huisikia kwa meno kabla ya masikio. Nikahesabu bila kujua nahesabu: moja, mbili, tatu. Kisha ikapasuka. Mlio ulikuwa kama bati lililopigwa rungu. Mashine ikaanguka ikawa inazunguka sakafuni kama kuku aliyechinjwa, mpaka Kanuni alipong'oa waya ukutani.

Yeye alikuwa bado amesimama. Viganja viwili usoni. Alisema kwa utaratibu kabisa, "Jamani, maji. Cheche imeingia jichoni." Damu ilikuwa inatoka katikati ya vidole, inashuka hadi viwikoni. Shavu la kushoto lilikuwa limefunguka mpaka taya. Alidhani ni cheche.

Mchomeleaji wetu na Kanuni wakambeba kumpeleka kwenye gari la tajiri. Kila mtu alikuwa anapiga kelele. Na mimi, dada yake, niliyembeba mgongoni, nilifanya nini? Niliingiza mkono kwenye aproni, nikatoa kava, nikaiweka chini ya meza pale alipokuwa amesimama. Halafu ndipo nikakimbia kuelekea garini.

Sikufikiri. Mkono ndio uliofikiri. Nimejiambia hivyo siku tatu. Lakini mkono ni wangu.

29 Machi
Hospitali. Wameshona shavu. Jicho la kulia ni zima. La kushoto wamelifunga kwa bandeji. Daktari wa macho, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ametuita mimi na wifi pembeni.

"La kushoto limepasuka. Halitaona tena, nisiwadanganye," alisema. "Nashauri tulitoe, tena ndani ya wiki mbili. Likibaki, mwili unaweza kulichukulia kama adui, na ukishaanza vita hiyo hauchagui. Unalishambulia hata lile zima."

Wifi akauliza, "Hutokea kwa wengi?"

"Kwa wachache. Lakini akiwa ni huyu wenu, uchache hautakuwa faraja."

31 Machi
Mvua. Nimelala kitini wodini mchana, nimeamka na shingo mbovu. Mdogo wangu hajui lolote nililofanya. Ameniuliza kama madirisha yamekwisha.

3 Aprili
Leo tumekubaliana lisitolewe.

Niandike ukweli hapa angalau. Wifi alitaka litolewe. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda, ameshika mguu wa mume wake, anasema, "Baba, jicho lililokufa ni la nini? Tutunze lililo hai." Yeye aligeuza kichwa upande wangu. Akasema, "Dada anasemaje?"

Siku zote husema hivyo. Tangu alipokuwa na miaka sita.

Nikasema, "Jicho ni lako, ulizaliwa nalo. Madaktari wana haraka ya kukata. Watu wanapona." Nilisema na mengine, kuhusu fulani na fulani waliopona. Niliyatunga palepale. Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: kwamba kila siku ya maisha yangu nitakaa mbele ya shimo lile na litakuwa linanitazama.

Wifi akanyanyuka. "Wifi, daktari kasoma. Sisi hatujasoma."

"Mimi nimemlea," nikamwambia.

Hilo ni neno ambalo halina jibu, na nilijua halina nilipolisema.

8 Aprili
Mkaguzi wa kazi amekuja, mtu wa makamo mwenye buti za mpira na fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Tajiri alikuwa ameshaandaa maneno. Mfanyakazi alitoa kava mwenyewe. Mfanyakazi hakuvaa miwani. Uzembe wa mfanyakazi.

Kanuni akasema, "Miwani alivaa." Akatoa bahasha, ndani miwani ya plastiki, vipande viwili, vina damu iliyokauka. "Niliiokota mimi. Ile haikuwa ya kuzuia jiwe, ni ya kuzuia vumbi tu. Lakini alivaa."

Tajiri akamtazama kama mtu aliyekuta mende kwenye chai.

Mkaguzi akanigeukia. "Wewe ni dada yake? Kava aliitoa nani?"

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa getini na tajiri."

Kila neno hapo ni kweli. Ukiyaweka pamoja ni uongo. Akaandika. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza kwa sauti kuliko mvua.

9 Aprili
Mvua. Mawe madogo yamefika. Madirisha manane.

10 Aprili
Mvua. Saba.

11 Aprili
Mvua. Sikumbuki mangapi.

13 Aprili
Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Shavu limevimba, amefungwa kitambaa, lakini utani wake umerudi. "Dada, sasa nikisinzia kazini tajiri hatajua, nitafunga jicho moja na jingine tayari limefungwa." Wifi aligeukia ukuta. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anajizuia kulia asimwone.

Mambo ya wifi yangu nilikuwa sijayatazama vizuri. Anamwosha kidonda mara tatu kwa siku. Mikono yake haitetemeki. Mimi nashika beseni na kutazama pembeni.

20 Aprili
Kanuni ameniita stoo. Akafunga mlango. Juu ya meza yake kulikuwa na kitambaa, akakifunua. Vipande vitatu vya jiwe. Kimoja bado kina lebo.

"Hili ni la mashine kubwa," alisema.

Niliisoma lebo.

"Karakana hii ina watu tisa. Anayejua kulivalisha mashine ndogo ni mmoja." Hakupandisha sauti. Nilitamani apige kelele, ningejua la kufanya na kelele. "Sitamwambia mtu, Cheche. Si kwa ajili yako. Ni kwa sababu mimi nikisema itakuwa kesi. Wewe ukisema itakuwa ukweli."

Nikamuuliza kwa hasira kwa nini anajifanya hakimu. Akaweka mkono wa kulia juu ya meza. Miaka saba tumefanya kazi pamoja na sikuwahi kuutazama. Vidole vitatu havikunjiki, vimenyooka kama vijiti, na kiganjani kuna kovu pana.

"Nilikuwa fundi kama wewe. Nilivaa shati la mikono mirefu, sikufunga vifungo. Baada ya hapo niliuza nyanya, maana nyanya unaweza kuziokota kwa vidole viwili."

Nilitoka nikasimama uani kwenye mvua mpaka mchomeleaji akaja kunirudisha ndani.

22 Aprili
Mvua.

23 Aprili
Karatasi ya Kanuni imedondoka ukutani kwa unyevu. Nimeibandika tena mwenyewe.

29 Aprili
Nimekwenda kwa mdogo wangu baada ya kazi. Alikuwa amekaa kizani na mapazia yamefungwa, mchana kweupe. "Mwanga unanichoma," alisema. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Binti yake alisimama mbele yake ameinua vidole. "Baba, vingapi?" Akasema vinne. Vilikuwa vitatu. Mtoto akacheka, akadhani ni mchezo, akainua tena.

Wifi alikuwa mlangoni. Tulitazamana. Hakusema, "Nilikuambia." Laiti angesema.

2 Mei
Daktari hakutulaumu. Alimmulika kwa muda mrefu, akazima taa yake ndogo, akakaa. "Vita imeanza," alisema. Ameandika dawa kali, vidonge na matone. Kuhusu lile la kushoto, akasema kulitoa sasa hakutasaidia sana.

Mdogo wangu akauliza, "Kwa hiyo nilikosea, daktari?"

Daktari akasema, "Uliamua kwa yale uliyoambiwa."

Nilikuwa nimeshika koti la mdogo wangu. Nilihisi nyuzi zote za koti lile, mshono mmoja mmoja.

6 Mei
Anahesabu vidole akiwa karibu.

9 Mei
Dawa zimemvimbisha uso. Anakula sana, halafu anatapika.

13 Mei
Anauona mkono ukipita. Hahesabu.

14 Mei
Mvua kubwa. Madirisha ya shule yamekwisha yote. Tajiri ametununulia soda. Nilibeba yangu mpaka nyumbani nikaimwaga kwenye sinki.

17 Mei
Nimemkuta wifi uani anafua mashuka. Nikainama kumsaidia kukamua. Tulikamua shuka moja, yeye upande huu, mimi ule, tukipishana mikono. Akasema bila kuniangalia:

"Wifi, nimekuwa nikikuchukia."

"Najua."

"Nimeona haina faida. Lile la jicho, usijilaumu. Ulisema kwa sababu unampenda. Hata mimi ningekuwa nimemlea ningeogopa kisu." Akafuta mikono kwenye khanga. "Tumebaki sisi wawili wa kumshika. Basi tumshike."

Nimeishi miaka arobaini na sita, nimetukanwa na nimepigwa, mume ameniacha kwa barua. Hakuna kilichowahi kuniumiza kama msamaha ule, kwa sababu haukuwa wangu. Alikuwa amempa mtu mwingine, mwanamke aliyemdhania kuwa mimi.

18 Mei
Sikwenda kazini. Nimekaa kitandani na viatu.

21 Mei
Giza. Anatofautisha tu dirisha na ukuta. Daktari amesema tusitegemee zaidi ya hapo.

24 Mei
Nimesema.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, mvua ya manyunyu. Mtoto alikuwa kwa jirani. Mdogo wangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Wifi anachambua mchele. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yote yakakimbia.

"Lile jiwe nililifunga mimi," nikasema. "Lilikuwa la mashine kubwa. Kava niliitoa mimi siku moja kabla, nikaitia kwenye aproni. Ulipoumia, niliitupa chini ya meza ili waone umeitoa wewe. Mkaguzi aliniuliza, nikasema sikuwepo. Na lile la kukataa jicho kutolewa, sikusema kwa ajili yako. Nilisema kwa sababu sikutaka kuliona shimo."

Mchele ukaacha kuchambuliwa.

Mdogo wangu akageuza uso kuelekea sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anazungumza na mlango.

"Kava niliona haipo, dada," alisema. "Na jiwe niliona ni pana. Mimi ni fundi, nitaachaje kuona? Nilitaka kulitoa." Akapapasa mkono wa kiti. "Nikasema, si ametoka kuishika dada sasa hivi? Basi ni salama."

Nilikaa chini, palepale kwenye saruji.

Wifi aliweka ungo chini polepole, punje isimwagike. Akaja akasimama juu yangu. Nilidhani atanipiga, na nilimwomba Mungu anipige.

"Umetembea na mzigo huu miezi miwili," alisema. "Leo umechoka, umekuja kuutua. Umeutua wapi? Kichwani kwangu. Na mimi nilikuwa tayari nimebeba." Akanionyesha mlango. "Nenda, wifi. Sina pa kukuweka."

Nilimtazama mdogo wangu. Hakusema niende wala nikae. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza dada anasemaje.

26 Mei
Nimekwenda ofisini kwa mkaguzi. Nimeandika yote, kurasa mbili, nimetia saini. Akasoma, akavua miwani. "Unajua hii inaweza kukufikisha mahakamani?" Nikamwambia najua. Akaniuliza kwa nini sasa. Nikasema sijui. Nilitaka ile fomu inayosema mdogo wangu ni mzembe isikae kabatini mwao milele. Jina lake ndilo kitu pekee ambacho bado ningeweza kukirudisha.

27 Mei
Tajiri amenifukuza. Mbele ya wote. "Umeniua, Cheche! Nilikuamini!"

"Tarehe 23 nilikutolea madirisha sita," nikamwambia. "Stoo haikuwa na jiwe dogo hata moja. Ulipita ukayahesabu. Uliniuliza nimekata na nini?"

Akautazama mlango wa stoo. Nilimwona, kwa sekunde moja tu, ni mtu anayeogopa kama mimi, na mkono wake nao ulifikiri kabla yake siku ile alipoyahesabu madirisha. Halafu akarudi kuwa tajiri, akaniambia niache aproni.

Kanuni alinisindikiza mpaka getini. Nilitaka aniambie nimefanya vyema. Hakuniambia. Alisema, "Kesho nitawasomea karatasi wote, mmoja mmoja, na nitawaambia kwa nini." Nikamwambia ataje jina langu. Akasema, "Nitalitaja."

30 Mei
Nimegonga kwa mdogo wangu. Mlango haukufunguliwa. Nilisikia mtoto anasema, "Ni shangazi," na sauti ikamnyamazisha.

1 Juni
Nimegonga.

2 Juni
Nimegonga. Mvua kidogo.

4 Juni
Nimeacha mkaa mlangoni. Jirani ananiangalia kama mwizi.

5 Juni
Mkaa ulikuwa palepale.

8 Juni
Mvua imekatika. Ardhi inanuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya maji. Barua ya mkaguzi imefika: wamefuta neno uzembe wa mfanyakazi. Tajiri na mimi tunaitwa kujibu mwezi ujao. Nimeikunja barua nikaisukuma chini ya mlango wao. Sikugonga.

11 Juni
Hakuna kitu. Jua. Niliwasikia watu wakishangilia jua barabarani, nikafunga dirisha.

14 Juni
Nimekwenda asubuhi, kwa mazoea tu, kama mtu anayekwenda kaburini. Kabla sijagonga, mlango ukafunguliwa. Wifi amekonda, macho yameingia ndani. Hakunisalimia. Nyuma yake kulikuwa na rundo la nguo chafu na mtoto analia anataka uji.

"Anataka kwenda msalani," alisema. "Nina kazi. Mpeleke."

Akaingia ndani. Hakuwa amenisamehe, nilimwona mgongoni kwamba hajanisamehe, na kwamba hatanisamehe. Alikuwa amechoka, na ana mikono miwili tu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika ukingo wake. Alisikia hatua zangu akazijua. Hakuniita dada. Alinyoosha mkono hewani, nikausogelea, akaniwekea kiganja begani. Kizito. Tukatoka mlango wa nyuma, polepole, jua likimpiga usoni na asifumbe macho.

Tulipofika mwisho wa baraza akasimama. Nilihisi vidole vyake vinakaza.

"Hapa pana ngazi?" aliuliza.

"Mbili," nikasema. "Zinashuka."

Nilimtazama usoni. Nilisubiri apapase kwanza kwa mguu, ahakikishe mwenyewe, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya kwa neno langu.

Akanyanyua mguu, akaushusha bila kupapasa.